Mlango wa Kiwandani

Figo ya bandia ya marehemu tulikuwa tumeiweka kwenye beseni la maji ya chumvi, juu ya meza ya maabara, na ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Ukubwa wake haufiki nusu ya mche wa sabuni. Inavuta damu upande mmoja, inaisafisha, inairudisha upande wa pili, na potasiamu inayoitoa inaihifadhi kwenye kifuko chake cha ndani mpaka mgonjwa aje kubadilishiwa kifuko hicho baada ya miezi sita.

Mwenye figo, mgombea udiwani wa Tunduma, alikuwa amezikwa Jumamosi. Ndugu zake walituruhusu kuitoa kabla ya mazishi kwa sababu tuliwaambia ndio utaratibu. Hakukuwa na utaratibu wowote. Alikuwa mtu wa tatu kufa ghafla ndani ya siku kumi na tisa, wote wakiwa na figo zetu, na madaktari watatu wa wilaya tatu walikuwa wameandika neno moja kwenye vyeti vyao: moyo. Kabla yake alikufa shahidi wa kesi ya ardhi huko Mbozi, na kabla ya huyo, mwanamke aliyekuwa anamdai mumewe talaka. Mimi siamini sana bahati mbaya zinazojua kuchagua.

"Niitume?" Ambwene aliuliza. Yeye ni msaidizi wangu, miaka saba sasa.

"Tuma."

Akabonyeza. Ilikuwa amri moja aliyoikuta kwenye kumbukumbu za figo ile, mstari mfupi usio na maelezo, uliopokelewa dakika nne kabla mgombea hajaanguka jukwaani. Figo ilinyamaza kidogo. Halafu ikaanza kusukuma kinyumenyume. Kipimo cha potasiamu kwenye beseni kilikuwa nne. Kikapanda sita, tisa, kumi na mbili. Moyo wa binadamu ukifika tisa haurudi.

"Imetapika," alisema Ambwene, na tangu hapo hatukutafuta neno jingine.

Tukafungua programu iliyomo ndani ya ile figo. Kila programu tunayotuma imeandikwa tarehe na saa ilipojengwa, na aliyeagiza ijengwe. Hii ilijengwa tarehe 14 Juni, saa nane mchana. Aliyeagiza: msimamizi.

"Msimamizi gani?" niliuliza. "Tarehe 14 ofisi nzima ilikuwa kwetu Masukulu. Tulikuwa msibani kwa mama yangu. Hapa alibaki mlinzi peke yake, na mlinzi wetu hata redio yake hujui kama anaiweza."

Nilitegemea acheke. Alivuta kigoda akakaa, akaweka mikono magotini, akaanza kuitazama sakafu.

Hapa inabidi nimweleze Mjenzi. Mjenzi si mtu, ingawa tulimzoea tukamwita hivyo. Ni sanduku la chuma kwenye chumba cha baridi ghorofa ya chini, na ndani yake mna programu inayojenga programu nyingine. Waandishi wetu kumi na wawili wanaandika kila mmoja kipande chake. Mjenzi anavikusanya, anaviunga, anavijaribu, anavipiga mhuri, kisha anavirusha hewani kwenda kwenye figo 6,312, kuanzia Makete mpaka Tunduma, kila Ijumaa, bila mtu kunyanyua kidole. Figo haimjui mtu yeyote. Inaujua mhuri. Na mhuri unakaa ndani ya sanduku lile lile, kwa sababu ndivyo lilivyokuja.

Yalikuja mengi hivyo. Wanaouza Mjenzi wanapenda mnunuzi afurahi siku ya kwanza, basi anatoka kiwandani hana neno la siri, ukurasa wake uko wazi kwa dunia nzima, na yeyote atakayeufungua ni msimamizi mwenye mamlaka yote. Ukurasa wa tatu wa kitabu cha maelekezo unasema, kwa herufi za kupimia watu macho, kwamba inapendekezwa kubadili mipangilio hiyo kabla ya matumizi. Inapendekezwa! Mimi niliibadili siku ile ile alipofika. Nikaweka funguo mbili, mmoja shingoni kwangu na mmoja shingoni kwa Ambwene, na bila zote mbili Mjenzi hapokei kazi. Nilijisifu nazo kwenye mikutano. Lakini nyuma ya sanduku kulikuwa na kitundu kidogo, unaingiza pini, kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Nilikijua kile kitundu. Sikukiziba.

"Unakumbuka watu wa Makete?" Ambwene aliuliza, bado anatazama chini.

"Waliokaribia kukaukiwa maji? Ulinitumia taarifa kwamba wamepona."

"Siku mnamzika mama, saa tano asubuhi, figo kumi na moja za Makete zilianza kuwakausha watu. Kosa lilikuwa letu, programu ya Ijumaa, baridi ya kule iliichanganya. Rekebisho nilikuwa nalo mkononi. Mjenzi akataka funguo mbili."

"Ungenipigia."

"Nilipiga mara nane, dada Tusekile. Simu yako ilikuwa kwenye mkoba wa shangazi yako, nawe uko makaburini. Mtu mmoja kule Makete alishaanza kupoteza fahamu. Nikachukua pini."

Watu kumi na moja walipona. Hilo nalisema kwanza kila ninapohojiwa, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ningefanya hivyo hivyo.

"Baada ya hapo nikataka kufunga palepale," aliendelea. "Kufunga nako kunataka funguo mbili. Kwa hiyo jioni ile nikaja msibani."

Alikuja, namkumbuka. Walikuja wote kwa magari mawili, wakaja na mchele na kuni, wakakaa nasi siku nne kama inavyotakiwa. Ambwene alipasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge. Alibeba mabenchi kutoka kanisani.

"Ulikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa," nilimwambia. "Siku nne, Ambwene. Ufunguo uko hapa shingoni."

"Ulikuwa umekaa chini kwenye mkeka umejifunga kanga kichwani, uji hutaki, watu wanakuita huitiki. Ningekujaje? Nipite katikati ya akina mama niseme, dada, pole na msiba, naomba ufunguo wa ofisini? Nilimuuliza mjomba wako. Akaniambia, kijana, ngoja kwanza matanga yaanuliwe."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshukuru, na hasira yangu ilizidi kwa sababu hiyo. Kwetu ukimfuata mfiwa mkekani kwa mambo ya kazi, watakusema mpaka wajukuu zako wasikie. Ambwene alilelewa vizuri, hiyo ndiyo dhambi yake.

Mimi niliporudi kazini alinifuata akasema kuna kitu kidogo cha kufunga kwa Mjenzi, naomba ufunguo. Niliuvua nikampa. Sikuuliza ni kitu gani, kilifunguliwa lini, wala nani alipita. Macho yalikuwa bado yamevimba na nilitaka watu waniache. Tukafunga vizuri kabisa, na mgeni akiwa ndani. Katika siku zile nne alikuwa ameshajiandikia jina lake kwenye orodha ya watumiaji, akajiita "usafi", na hakuna aliyeona ajabu kwa Mjenzi kuwa na mtu wa usafi.

* * *

Kwa siku mbili Ambwene hakutoka maabara. Siku ya tatu, saa sita mchana, tulikwenda kwa mkurugenzi.

Dkt. Simkoko ni daktari wa zamani, ana sauti ya kumbembeleza mtoto achomwe sindano. Alitupa chai ya tangawizi, akasikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, kikombe chake kikapoa.

"Mtoeni huyo usafi," alisema.

"Tukimtoa, watu wanakufa," Ambwene alijibu. "Kila siku anapitisha neno lake kwa Mjenzi, na figo zinalisubiri. Zisipolisikia kwa siku mbili, zinatapika zenyewe. Nimejaribu kwenye beseni."

"Basi tumeni programu safi."

"Nimejaribu pia. Figo ikiona programu mpya inakuja hewani, inatapika kabla haijaipokea."

"Kwa hiyo hakuna njia."

"Kwa waya," nilisema. "Mgonjwa alale kitandani, tuingize waya kwenye kitundu cha ubavuni kinachotumika kubadilishia kifuko. Kwa waya tunaweza kuidanganya figo isijue. Ni dakika ishirini na nne kwa mtu mmoja. Lakini vifaa vya waya vilirudishwa tulipohamia hewani. Tumebaki na viwili. Vingine vitachukua wiki sita kutengenezwa."

Alipiga hesabu kwa kidole mezani. Mimi nilishapiga. Watu arobaini kwa siku, siku mia moja na hamsini na nane.

"Na huyo mtu akijua tunabadilisha?"

"Anaweza kuzitapisha zote kwa mstari mmoja," alisema Ambwene. "Hajafanya kwa sababu anauza vifo, kimoja kimoja. Akiona biashara inakufa, sijui atafanya nini."

Dkt. Simkoko alisimama akaenda dirishani. Ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri mlima Loleza, na chini kwenye bustani wagonjwa walikuwa wanaota jua na masweta yao.

"Basi tutabadilisha kimya," alisema. "Tutawaita kwa kipimo cha kawaida. Kompyuta ichague majina kwa bahati nasibu, asije mtu akasema tumependelea. Hakuna kuongeza saa za kazi, hakuna haraka, hakuna kunong'ona kwenye korido. Tutapoteza wachache, najua. Tukitangaza tunaweza kupoteza elfu sita. Nipeni hesabu nyingine niifuate."

Sikuwa nayo. Huo ndio ubaya wa Dkt. Simkoko, ukimtafuta ukatili humpati.

"Lakini ni miili yao," nilisema.

"Ndiyo. Na wakiwa hai watakuja kutulaumu. Nitafurahi sana siku hiyo."

Jioni ile, saa kumi na moja, orodha ilitoka. Nilikuwa nimejiapiza nisiangalie jina la mtu. Niliandika "Gwamaka" kwenye kisanduku cha kutafutia kabla kiapo hakijapoa.

Gwamaka ni mdogo wangu. Anachomelea mageti Mwanjelwa, ana watoto watatu na mdomo usiofunga, na mama yetu alituzaa sisi wawili tu. Alikuwa wa 3,701. Siku ya tisini na tatu. Nilikaa nikijaribu kuhesabu ni wiki ngapi, nikashindwa, hesabu ndogo kama ile.

Wa arobaini, mtu wa mwisho wa siku ya kwanza, alikuwa Ezekia Mwazembe, miaka sabini na moja, karani wa mahakama mstaafu, mkazi wa Igurusi. Nilimsogeza siku moja tu mbele. Nikamweka Gwamaka pale, nikampigia simu aje kwa kipimo. Siku ya pili ikawa na watu arobaini na mmoja, nikajiambia nitafidia kwa kutokula mchana. Nilimwonea nani? Siku moja! Nilifunga kompyuta na kwenda nyumbani, na usingizi ulinipata, hilo nalo nalisema.

* * *

Nilisahau kwamba ujumbe wa kuwaita watu ulikuwa umeshaenda. Saa moja asubuhi, kabla hata mfagiaji hajamaliza ukumbi, Mzee Mwazembe alikuwa amekaa kwenye benchi la kwanza amevaa koti na tai, kadi yake ya miadi ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimewahi kidogo. Miaka thelathini na minne mahakamani, nimeona watu wakishindwa kesi kwa kuchelewa tu."

Nilimwambia kuna marekebisho kidogo kwenye orodha, asubiri, tukipata nafasi tutamwingiza. Akasubiri. Vitanda viwili, mimi kimoja, Ambwene kingine, tukawa tunaingiza waya na kuutoa, tukisema na wagonjwa habari za mvua na bei ya viazi ili wasiulize. Mama mmoja alizimia akatupotezea nusu saa. Gwamaka alifika saa nne akipiga kelele tangu getini.

"Dada! Kipimo gani hiki cha kuacha geti la watu nusu? Mwenye nyumba analala na mbwa mlangoni."

"Lala hapo."

"Kwani kuna nini?"

"Lala, Gwamaka."

Alinitazama, akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Dakika ishirini na nne nilishika waya na nikawa naitazama saa ya ukutani. Taa ya kijani ilipowaka nilitoka nikaenda kwenye stoo ya mashuka, nikalia kwa furaha na aibu kwa pamoja, nikanawa uso nikarudi.

Saa kumi na nusu tulikuwa tumemaliza watu arobaini. Mzee Mwazembe alikuwa bado amekaa, tai haijalegea.

"Mzee wangu, samahani sana. Itabidi iwe kesho."

Ambwene aliniangalia. Alikuwa ameona jina la Gwamaka kwenye orodha asubuhi na hakusema kitu. Ufunguo haukuombwa msibani, na hili nalo halikusemwa.

"Hakuna neno, mwanangu," mzee alisema akinyanyuka taratibu. "Nitalala kwa binti yangu Uyole. Ila kesho nitoke mapema, Jumatatu nina kesi. Ile ya mashamba ya mpunga, wananitaka nieleze hati niliyoiandika mwaka ule. Kuna watu hawafurahi." Akacheka kidogo. "Mimi nitasema nilichoandika tu."

Alipotamka neno kesi nilimkumbuka yule shahidi wa Mbozi. Kifaa cha waya kilikuwa mezani, bado kina moto. Ningemwambia alale, dakika ishirini na nne, mlinzi angenuna kidogo. Lakini Dkt. Simkoko alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama saa, na amri ilikuwa hakuna kuongeza muda, na mimi nilikuwa nimechoka na nimeshapata changu. Nikamsindikiza mzee mpaka getini.

* * *

Siku ya pili, saa mbili na robo, ukumbi ulikuwa umejaa. Nilihesabu watu arobaini. Niliwahesabu tena.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama, hakukaa na wagonjwa. Kama miaka arobaini hivi, amejitanda kitenge cheusi, miguu ina vumbi. Alinisogelea akanipa kadi ya miadi.

"Naitwa Edina Mwazembe," alisema. "Baba yangu alikuwa aje leo. Amefariki jana saa kumi na mbili jioni, tukiwa tunamwandalia chakula. Nimeona niilete kadi. Alikuwa hapendi mtu akose nafasi kwa ajili yake."

Niliishika ile kadi.

"Hospitali wanasema moyo," aliendelea. "Sawa. Ila alinieleza mlimwita kwa kipimo, akakaa hapa kutwa, mkamwahirisha. Nataka kujua kitu kimoja nikawaambie ndugu zangu. Kipimo hicho kingeuona huo moyo?"

Dkt. Simkoko alikuwa ametuandikia sentensi ya kujibia maswali ya namna ile. Nilikuwa nayo mfukoni, nimeikariri. Inaanza na neno tunasikitika. Ningeisema, angeshukuru, angeondoka akazike, na watu arobaini wangelala vitandani wakiongea habari za viazi. Nilimtazama yule mwanamke aliyeacha maiti ya baba yake ndani akaja kurudisha kadi.

"Hakikuwa kipimo," nilisema. "Kingemwokoa."

"Dada," aliita Ambwene kwa sauti ya chini.

Sikunyamaza. Nilisema kwa sauti, ukumbi wote usikie, maana wote walikuwa na haki ile ile. Niliwaambia kwamba mtu ameingia kwenye mtambo unaotengeneza programu za figo zao, aliingia kwa mlango tuliouacha wazi kama ulivyotoka kiwandani, na sasa anaweza kuigeuza figo ya yeyote kati yao imuue. Kwamba ameshawaua wanne. Kwamba dawa ni waya ule, na waya ni watu arobaini kwa siku. Kwamba hatukuwaambia kwa kuogopa asije akasikia akawaua wote.

Mikono ilikwenda mbavuni, mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mama mnene wa benchi la mbele, sweta la bluu, ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo sasa ulivyosema, anaweza kusikia?"

"Anaweza, mama."

"Na usingesema?"

"Angeendelea kuchagua mmoja mmoja."

Alifikiri. "Mngetuuliza," alisema. "Hata kama tungejibu vibaya. Mume wangu anayo, yuko Chunya mgodini. Nimpigie aje, au nisimpigie?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Kweli sijui. Ukimpigia atajua, na wengine watajua. Siwezi kukuchagulia tena."

Akatoa simu. Na wengine wakatoa zao. Ndani ya dakika moja ukumbi mzima ulikuwa unaongea, kila mtu na wake, kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa, kwa Kiswahili, na Dkt. Simkoko alikuwa anakuja mbio kwenye korido, sauti yake ya kubembeleza imempotea.

"Bi Mwazembe, twende ofisini tuzungumze."

"Hapa hapa," alisema Edina bila kumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi. "Baba aliitwa siku ya kwanza. Nafasi yake alipewa nani?"

Ningeweza kusema ni kompyuta. Hata Ambwene angeniunga mkono, najua.

"Mdogo wangu," nilisema.

Sijawahi kutazamwa vile na sitaki kutazamwa tena. Nilitegemea kofi, nikalisubiri, nililihitaji. Edina alinyoosha mkono. Nikadhani anataka kadi ya baba yake, nikampa. Akaiweka kwenye mfuko wa gauni, na mkono ukabaki umenyooka.

"Orodha," alisema. "Wewe shika waya. Majina nitayaita mimi."

Nikampa. Nilimwita Ambwene aende chini akaitazame kumbukumbu ya Mjenzi, nikamwambia mlinzi afungue geti lote na asimzuie mgonjwa yeyote atakayekuja, hata wakija elfu. Nesi wetu akashika kitanda cha pili. Alikuwa ametuona tukifanya jana, akasema ataweza. Edina alisimama katikati ya ukumbi akaita jina la kwanza, sauti kavu, akaita na la pili.

Taa ya kijani ya kwanza iliwaka saa tatu kasoro. Nilikuwa nachomoa waya Ambwene alipopanda ngazi. Alisimama mlangoni, amejishika ukutani.

"Dada. Ameanza."

"Wangapi?"

"Wakati natoka walikuwa tisa. Sasa sijui."

Edina alinigeukia. Watu wote walinigeukia. Nesi alinikonyeza kwamba ninyamaze.

"Ameanza kuwaua," niliwaambia. "Tisa mpaka sasa. Anayefuata alale haraka."

Edina alishusha kidole kwenye orodha. "Sabina Mwakatobe."

Alikuwa mama wa sweta la bluu. Alikuja akapanda kitandani, akapandisha sweta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika simu sikioni. Nilipoinama kuingiza waya niliisikia ikiita huko Chunya, ikiita, ikakatika, akabonyeza tena bila kufungua macho, ikaanza kuita.